Kompyuta moja, watumiaji wengi: tuanze na akaunti, ndipo tufunge folda

Kitasa (mleta mada)

Wakuu, kuna swali linarudi kila mara kwa sura tofauti: "Nifungeje folda ili wengine nyumbani wasiione?" Majibu yake karibu yote hutaja programu za kuficha folda, kuiwekea nywila, au kuipa jina la kupoteza watu. Naanzisha uzi huu kwa sababu naamini swali hilo linaanzia katikati. Kabla ya kufunga folda, uliza kwanza: kompyuta yako inamjua nani?

Ruhusa ya folda ni bawabu mwenye orodha ya majina mkononi. Haangalii sura wala umri, anaangalia jina uliloingilia tu. Kama baba, mama, watoto na mgeni wote wanaingia kwa akaunti moja, kwa bawabu huyo ninyi ni mtu mmoja, na hakuna orodha itakayowatenganisha. Tena akaunti yenyewe kwa kawaida ni ya msimamizi, kwa kuwa akaunti ya kwanza inayoundwa wakati wa kuweka Windows hupewa mamlaka hayo. Maana yake yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta anaweza kuibadilisha hata hiyo orodha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kila mtu kuwa na akaunti yake, na wote, pamoja na wewe mwenye kompyuta, muwe watumiaji wa kawaida kwa kazi za kila siku. Usimamizi ukae kwenye akaunti ya pembeni ambayo haifanyiwi kazi nyingine.

Hapo kwenye "pamoja na wewe" ndipo wengi wanapogoma, kwa hiyo nieleze. Programu yoyote unayoifungua hutembea na mamlaka yako. Tangu Windows Vista, iliyoingia sokoni 2007, kuna kinga inayoitwa UAC. Msimamizi akiingia, mfumo humtengenezea vitambulisho viwili, kimoja cha kawaida na kimoja chenye mamlaka kamili, kisha humtembeza na kile cha kawaida mpaka programu iombe zaidi. Hapo skrini hufifia na swali hutokea. Sasa angalia tofauti: msimamizi anaulizwa "Yes" au "No" tu, lakini mtumiaji wa kawaida anadaiwa nywila ya msimamizi. Kubofya "Yes" hugeuka mazoea ya kidole. Kuandika nywila kunamlazimisha mtu asome kinachoombwa. Na mtoto aliyekaa kwenye kiti chako ukiwa jikoni anaweza kubofya "Yes" bila kufikiri, ila nywila asiyoijua hawezi kuiandika.

Kwenye Windows 11 fungua Settings, nenda Accounts, kisha Other users, ubofye Add account. Itakuomba barua pepe. Kama hutaki kuunganisha akaunti na intaneti, bofya maandishi yanayosema huna taarifa za kuingia za mtu huyo, halafu chagua kuongeza mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft. Andika jina, nywila na majibu ya maswali ya usalama. Akaunti mpya inazaliwa ikiwa ya kawaida, "Standard User", na hivyo ndivyo tunavyotaka kwa watoto na wageni.

Kwa akaunti yako mwenyewe fuata mpangilio huu, usiuruke. Unda akaunti mpya, iite hata "Msimamizi", ibadilishe aina iwe Administrator. Toka kwenye akaunti yako, ingia kwenye hiyo mpya, hakikisha inafungua na nywila yake inakubali. Ukiwa humohumo ndani, ishushe akaunti yako ya zamani iwe Standard User. Mafaili yako hayaguswi, mandhari hayabadiliki, programu zako zinabaki. Nywila ya msimamizi iandike kwenye karatasi na uihifadhi mahali ambapo mtu mzima mwingine wa nyumbani anaweza kuipata ukiwa haupo.

Kwa familia nyingi kazi inaishia hapo, na hili ndilo ningependa watu walijue. Desktop, Documents, Pictures na Downloads zako zote zimo ndani ya C:\Users\jina-lako, na folda hiyo tangu inapozaliwa imeandikiwa majina matatu tu: wewe, wasimamizi, na mfumo wenyewe. Mtumiaji wa kawaida akijaribu kuifungua atakataliwa. Hujafunga chochote kwa mkono, hujanunua programu yoyote, na tayari kila mtu ana chumba chake.

---

Mama_Wawili

Asante kaka Kitasa kwa maelezo. Mimi nimeshatengeneza akaunti nne, yangu, ya mume wangu na za watoto wawili. Kila mtu kuwa na chumba chake nimeelewa. Shida yangu ni picha. Nataka folda moja ya picha za familia ambayo watoto wanaiona na kuangalia watakavyo, lakini wasiweze kufuta. Nimeziweka kwenye ile folda ya Public iliyomo ndani ya Users, na bado mdogo amefuta albamu nzima (nimeiokoa kutoka kwenye pipa la taka, tunashukuru). Kwa nini imemruhusu wakati akaunti yake ni ya kawaida?

---

Kitasa

Dada, pole kwa hiyo albamu. Public imetengenezwa kwa ajili ya kubadilishana mafaili, ndiyo maana kila aliyeingia kwenye kompyuta ameruhusiwa kuongeza, kubadilisha na kufuta humo. Haifai kwa kitu mnachotaka kukitunza. Itumie kupitishiana faili tu.

Tengeneza folda yenu. Tuseme ni D:\Familia. Lakini hapa pana mtego: diski ya pili iliyopangwa kwa NTFS, mpangilio wa kawaida wa diski za Windows, huja na ruhusa inayowapa "Authenticated Users", yaani kila mwenye akaunti aliyeingia, haki ya "Modify", yaani kubadilisha na kufuta. Folda yoyote utakayoiunda humo inairithi haki hiyo. Hata folda unayoiunda moja kwa moja kwenye mzizi wa C: inarithi vilevile. Kwa hiyo folda yako mpya iko wazi kwa watoto tangu sekunde ya kwanza, hata kama hujawapa chochote.

Fanya hivi ukiwa msimamizi. Bofya kulia folda ya Familia, chagua Properties, kichupo cha Security, kisha Advanced. Bofya "Disable inheritance". Itakuuliza ufanye nini na ruhusa zilizorithiwa. Chagua kuzigeuza ziwe ruhusa za folda yenyewe, usichague kuzifuta zote, maana ukizifuta utabaki na folda ambayo haina jina hata moja kwenye orodha. Sasa ondoa mistari miwili: Authenticated Users na Users. Acha SYSTEM na Administrators. Ongeza jina lako na la baba watoto, muwape "Modify". Ongeza majina ya watoto, wape "Read & execute". Hiyo ya pili inaleta kusoma na kuona orodha ya vilivyomo, basi.

Usiwape watu wa nyumbani "Full control", hata wewe mwenyewe kwenye akaunti yako ya kila siku. Tofauti yake na Modify ni kwamba Full control inamruhusu mtu kubadilisha ruhusa na kujitwalia umiliki. Kazi ya picha haihitaji hayo.

Na jambo ninalowasihi wote wanaosoma: msitumie safu ya "Deny" kumzuia mtoto. Inavutia kwa sababu inaonekana kali, lakini asiyeandikwa kwenye orodha tayari amezuiwa. Deny hufikiriwa kabla ya Allow ya ngazi ileile, kwa hiyo ukiweka Deny kwa "Everyone" ukidhani unawazuia wengine, umejizuia na wewe, kwa sababu wewe nawe umo kwenye Everyone. Nusu ya mafolda "yaliyogoma" ninayoletewa na watu chanzo chake ni alama moja ya Deny iliyowekwa kwa nia njema.

---

Nyaraka

Naomba niingilie hapo kwenye mafolda yaliyogoma. Nimebadilisha Windows, nimeiweka upya kabisa. Diski ya D haikuguswa. Akaunti yangu nimeipa jina lilelile la zamani na nywila ileile. Nikifungua folda yangu ya kazi inaniambia sina ruhusa! Folda ni yangu, jina ni langu. Inawezekanaje?

---

Kitasa

Mkuu Nyaraka, jina unaliona wewe, Windows hailitumii. Kila akaunti inapozaliwa hupewa namba ya utambulisho iitwayo SID, mstari mrefu unaoanza na S-1-5-21 na kufuatiwa na namba za kompyuta hiyo, kisha namba ya akaunti mwishoni. Msimamizi wa kuzaliwa nao mfumo huishia na 500, na akaunti mnazounda wenyewe huanzia elfu moja na kuendelea. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike `whoami /user` utaiona yako.

Orodha ya ruhusa huhifadhi namba hiyo. Ulipoweka Windows upya, kompyuta ilitengeneza namba mpya kabisa, hivyo "wewe" wa leo na "wewe" wa zamani ni watu wawili. Ukiangalia kichupo cha Security cha folda hiyo huenda ukaona mstari wenye namba ndefu isiyo na jina na alama ya kuuliza. Huyo ndiye wewe wa zamani. Jambo hilohilo hutokea mtu akifuta akaunti kisha akaiunda tena kwa jina lilelile, kwa hiyo kufuta akaunti si njia ya kuirekebisha.

Dawa ina hatua mbili na mpangilio wake una maana. Kwanza twaa umiliki, kisha andika ruhusa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi:

`takeown /F "D:\Kazi" /R`

`icacls "D:\Kazi" /reset /T /C`

`icacls "D:\Kazi" /grant jinalako:(OI)(CI)M`

Amri ya kwanza inakupa umiliki wa folda na vilivyomo. Ya pili inafuta ruhusa za zamani na kuacha kila kitu kirithi kutoka juu. Ya tatu inakuandika wewe kwa haki ya kubadilisha. Zile herufi OI na CI zinaiambia haki iteremke kwenye mafaili na kwenye folda za ndani. Ukizisahau, utaifungua folda ya juu halafu utakataliwa ndani.

Nakuomba sana, amri hizi zielekeze kwenye folda zako za data pekee. Kamwe usizitumie kwenye C:\Windows wala C:\Program Files. Huko mmiliki wa mafaili mengi ni huduma inayoitwa TrustedInstaller, na ukimnyang'anya umiliki masasisho yanaweza kuanza kushindwa, na kurudisha ilivyokuwa ni kazi ya machozi.

Kabla ya kugusa folda yenye ruhusa ulizozipanga kwa makini, tunza nakala ya ruhusa zenyewe: `icacls "D:\Familia" /save "D:\ruhusa.txt" /T`. Ukiharibu, unazirudisha kwa `icacls D:\ /restore "D:\ruhusa.txt"`. Angalia kwamba kurudisha kunaelekezwa kwenye folda ya juu yake, si folda yenyewe.

---

Nyaraka

Imekubali! Ila kuna mafaili machache ndani yake bado yanakataa. Ikoni zake zina alama ya kufuli.

---

Kitasa

Hapo habari si nzuri mkuu. Kufuli hiyo ni ya EFS, usimbaji fiche wa faili mojamoja unaopatikana kwenye matoleo ya Windows yaliyo juu ya Home. Mafaili hayo yamefungwa kwa ufunguo uliokuwa ndani ya akaunti yako ya zamani. Umiliki na ruhusa havisaidii, kwa sababu unaweza kuruhusiwa kulisoma faili na bado ukakuta maandishi yasiyosomeka. Tafuta kama uliwahi kuhifadhi cheti chake nje, faili lenye mwisho wa .pfx. Kama lipo, liingize kwenye akaunti yako mpya na mafaili yatafunguka. Kama una nakala kamili ya diski ya zamani ya C, usiifute.

---

Pengwini

Wadau wa Linux tusisahaulike. Misingi ni ileile lakini kuna jambo moja ambalo watu wa pande zote mbili hulikosea, nalo linahusu swali la dada Mama_Wawili la kufuta.

Kwenye Linux kila faili lina mmiliki, kikundi, na wengine waliobaki, na kila mmoja wa hao watatu ana haki za kusoma, kuandika na kuendesha. Tunaziandika kwa namba: kusoma 4, kuandika 2, kuendesha 1, kisha unajumlisha. 750 maana yake mmiliki ana zote, kikundi kinasoma na kuingia, wengine hawana kitu. Tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani ya kila mtumiaji mpya huundwa kwa 750. Kabla ya hapo ilikuwa 755, na mtu yeyote mwenye akaunti aliweza kuchungulia. Kama kompyuta yako imekuwa ikisasishwa kutoka toleo la zamani, folda zilizokuwepo hazijibadilishi zenyewe, hivyo kila mtu aendeshe `chmod 750 ~` kwenye akaunti yake.

Sasa hilo jambo. Kufuta faili si haki ya faili, ni haki ya folda lilimo. Folda kwa hakika ni orodha ya majina ya vilivyomo, na kufuta ni kufuta jina kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo unaweza kulifanya faili lisiandikike kabisa, lakini kama mtoto ana haki ya kuandika kwenye folda, atalifuta tu. Ndiyo sababu /tmp, folda ambayo kila mtu huandika, ina alama ya ziada inayoifanya isomeke 1777: kila mtu anaandika, ila faili anafuta mwenye nalo peke yake. Alama hiyo inafaa sana kwa folda ya familia ambapo watoto wanaongeza vitu lakini hawafutiani.

Folda ya pamoja naitengeneza hivi:

`sudo groupadd familia`

`sudo usermod -aG familia mama`

`sudo mkdir -p /srv/familia`

`sudo chgrp familia /srv/familia`

`sudo chmod 2770 /srv/familia`

`sudo setfacl -d -m g:familia:rwx /srv/familia`

Ile 2 mwanzoni mwa 2770 inafanya kila faili jipya lizaliwe likiwa la kikundi cha familia badala ya kikundi cha aliyeliunda. Mstari wa mwisho ni muhimu kuliko unavyoonekana. Bila huo, kwenye mifumo mingi mafaili mapya yatazaliwa kikundi kikiruhusiwa kusoma tu, na baada ya wiki mama analalamika kwamba hawezi kuhariri hati aliyoianza baba. Watu wakifika hapo hukimbilia `chmod -R 777`, na hiyo ndiyo amri inayoniumiza roho kuliko zote. Inafungua kila kitu kwa kila akaunti, zikiwemo akaunti za huduma zinazoendeshwa chinichini, na inayafanya mafaili yote, hata picha, yaonekane kama programu.

Kwenye usermod hiyo herufi a usiisahau. Ukiandika -G bila a, mtumiaji anaondolewa kwenye vikundi vyake vyote vingine vya ziada, kikiwemo sudo kinachompa mamlaka ya msimamizi, na kama ndiye msimamizi pekee umejifungia nje. Na mabadiliko ya kikundi hayaonekani mpaka mtu atoke na kuingia upya.

---

Kitasa

Pengwini, umesema vizuri kuhusu kufuta. Kwenye NTFS haki ya kufuta ipo kwenye faili lenyewe, lakini folda nayo ina haki yake iitwayo "Delete subfolders and files" ambayo inashinda. Imo ndani ya Full control, haimo ndani ya Modify. Hiyo ni sababu nyingine ya kuiweka mbali Full control.

---

Swali_Gumu

Ninyi wote mnazungusha mambo. Mimi nina folda yangu, nimeifanya hidden, imeisha. Kuna haja gani ya akaunti nne na orodha za majina?

---

Kitasa

Ndugu, nakujibu kwa heshima zote kwa sababu wanaofikiri hivyo ni wengi. Kuficha ni alama moja tu kwenye faili inayosema "usinionyeshe". Mtu akiwasha kuonyesha vilivyofichwa kwenye menyu ya View, folda iko mbele yake na inafunguka. Utafutaji nao unaweza kuifichua. Hakuna aliyezuiwa.

Ila nakupa pia upande wa pili, ambao hatujaugusa na lazima usemwe wazi. Ruhusa nazo zina mpaka wake. Zinasimamiwa na mfumo uliowashwa. Mtu akichomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine ambako yeye ni msimamizi, au akiwasha kompyuta yako kwa fleshi yenye Linux, orodha yako haina wa kuisimamia na kila kitu kinasomeka. Ruhusa zinawatenganisha watu wanaoishi pamoja na kutumia kompyuta kwa njia ya kawaida. Dhidi ya mwizi wa kompyuta, kinachosaidia ni kusimba diski nzima: BitLocker kwenye Windows Pro, "Device encryption" kwenye Home kwa kompyuta zinazoikubali, FileVault kwenye Mac, LUKS kwenye Linux. Ufunguo wa kuokoa wa BitLocker una tarakimu 48. Uhifadhi nje ya kompyuta hiyohiyo, la sivyo siku itakapokudai utakuwa umefungiwa pamoja nao.

Na fleshi? Fleshi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, mipangilio ambayo haina ruhusa kabisa. Faili ulilolilinda kwenye D ukilinakili kwenye fleshi linakuwa la yeyote aliyeishika.

---

Tufaha

Kwenye Mac je?

---

Pengwini

Mac ni ndugu wa Unix, kwa hiyo misingi niliyoeleza inashika. Aina za akaunti ni Administrator, Standard, Sharing Only na mgeni. Folda ya kubadilishana ni /Users/Shared, na hiyo ina ile alama ya kuzuia kufutiana. Kuna kitu kizuri pia: ndani ya folda yako ya Public kuna Drop Box, ambamo wengine wanatumbukiza mafaili lakini hawaoni vilivyomo. Kwa akaunti ya mgeni, kila kitu alichokiacha hufutwa anapotoka, kwa hiyo mwambie mgeni mapema.

---

Mama_Wawili

Nimerudi. Nimefuata maelekezo ya kaka Kitasa na picha ziko salama, watoto wanaona lakini wakijaribu kufuta inadai nywila ya msimamizi. Nina maswali mawili. Mkubwa ana mchezo wa kompyuta ambao kila akiufungua unaomba nywila hiyohiyo, nimechoka kuitwa. Je, nimfanye msimamizi? La pili, picha nilizozihamisha jana kutoka folda nyingine ya D, watoto wanaweza kuzifuta hizo! Zile za mwanzo hawawezi.

---

Kitasa

Dada, usimfanye msimamizi. Ukimpa mamlaka hayo kwa ajili ya mchezo mmoja, umempa na ufunguo wa folda ya picha, wa akaunti yako na wa mdogo wake. Michezo inayoomba nywila kila mara mara nyingi ni ile inayoandika mafaili ndani ya folda yake yenyewe, na folda hiyo ikiwa ndani ya Program Files mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo. Ondoa mchezo, uuweke upya kwenye D:\Michezo, kisha mpe mkubwa Modify kwenye folda hiyo pekee. Kabla ya kuondoa, angalia mchezo umehifadhi wapi maendeleo ya mtoto, usije ukamfutia jitihada zake. Ikiwa bado unadai nywila hata huko, basi umetengenezwa kudai mamlaka kamili, na hapo ni wewe kuamua kama mchezo huo unastahili.

La pili ni tabia ya NTFS inayowashangaza wengi. Faili ukilinakili, linachukua ruhusa za folda linakokwenda. Ukilihamisha ndani ya diski ileile, linabaki na ruhusa zake za zamani, kwa sababu mfumo umebadilisha anwani tu, faili lenyewe halijatoka lilipokuwa. Picha zako zilitoka kwenye folda ya D iliyo wazi kwa wote, zikaja na uwazi wake. Rekebisha kwa mara moja: `icacls "D:\Familia\*" /reset /T /C`. Hiyo nyota inaacha folda ya juu kama ulivyoipanga na kuvilazimisha vilivyomo virithi kutoka kwake. Kuanzia leo picha mpya zinakili, hakikisha zimefika, kisha futa za zamani.

Ukimaliza usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Ingia kwa akaunti ya mdogo, weka faili la majaribio na jaribu kulifuta, kulibadilisha jina, kulihamisha. Kuna pia kichupo cha "Effective Access" ndani ya Advanced ambacho kinakuonyesha haki za mtu fulani baada ya kujumlisha kila kitu, lakini kuingia kwa akaunti yake kunaonyesha hali halisi.

Na tahadhari moja ukiwa kwenye akaunti ya msimamizi. Ukibofya folda ya mtu mwingine, Windows inasema huna ruhusa na kukuwekea kitufe cha "Continue". Kitufe hicho hakikuonyeshi folda mara moja halafu kikaondoka. Kinaliandika jina la akaunti yako kwenye orodha ya folda hiyo na linabaki humo. Ukikibofya kwenye folda ya mume wako, ataweza kuliona jina lako kwenye kichupo chake cha Security.

---

Nyaraka

La mwisho kutoka kwangu mkuu. Ndugu aliyekuwa akikaa nasi amehama. Akaunti yake niifute?

---

Kitasa

Bado. Ukiiondoa kwenye Settings, inafutwa pamoja na data: Desktop yake, Documents, Downloads, picha, vyote. Izime kwanza, ukiwa kwenye dirisha la amri la msimamizi:

`net user jina /active:no`

Haitaonekana kwenye skrini ya kuingilia, lakini mafaili yamebaki yalivyo. Akipata nafasi mwite, iwashe tena kwa `/active:yes`, achukue vyake kwenye diski ya nje, ndipo uifute.

Kama akaunti yake ilikuwa ya Microsoft, jina la ndani ya kompyuta huenda lisifanane na lile analoliona yeye, na folda yake ndani ya Users kwa kawaida huwa na herufi tano za kwanza za barua pepe yake. Andika `net user` peke yake upate orodha ya majina yote kabla ya kuzima lolote.